Je, Wajua Boila Inavyojizima?

Je, wajua kwamba moto hupitisha umeme? Ni huu huu mwali wa buluu wa gesi tunaopikia chai. Gesi inapoungua, mwali wake hujaa chembe zenye chaji. Ukichomeka waya ndani yake na kuupelekea umeme, kiasi kidogo mno hukatiza motoni mpaka kwenye chuma cha kichomeo. Ni maikroampea chache tu, yaani sehemu chache za milioni ya ampea moja, kiasi kisichoweza kuwasha hata taa ya simu. Lakini katika nyumba zaidi ya milioni 20 za Uingereza zinazopashwa joto kwa gesi, umeme huo mdogo ndio unaoamua kama familia italala kwenye joto au itajikunyata hadi asubuhi.

Boila ya huko ni kisanduku cheupe kilichoning'inizwa ukutani, mara nyingi jikoni au ndani ya kabati. Hupasha maji ya kuoga, na huzungusha maji mengine kwenye redieta za kila chumba. Ndugu zetu walioko Leicester, London au Cardiff wanaifahamu. Wengi wetu tunaoishi huko tulianza kuijua kwa shida: usiku wa baridi kali, kioo chake kinaonyesha herufi na tarakimu zisizoeleweka, na maji ya bomba yanauma vidole.

Usiku wangu ulikuwa wa Januari, mwaka ambao shangazi alikuja kututembelea kutoka Tanga. Ilikuwa yapata saa tano usiku. Shangazi akainua kichwa kutoka kwenye blanketi, akauliza, "Mwanangu, nani anasukutua huko jikoni?" Hapakuwa na mtu jikoni. Ilikuwa boila, ikikoroma kama mwenye maji kooni. Ikajaribu kuwaka, tik-tik-tik, ikanyamaza. Ikajaribu tena, ikanyamaza. Mara ya mwisho ikawasha taa nyekundu na kubaki hivyo. Nikabonyeza kitufe cha kuianzisha upya mara sita mfululizo. Nilifanya kosa, na kosa lenyewe lina maelezo marefu kidogo.

Boila ina utaratibu wake na hairuki hatua. Ukifungua maji ya moto, au themostati ya ukutani ikidai joto, feni huzunguka kwanza ili kufukuza gesi yoyote iliyobaki ndani ya chumba cha moto. Bodi ya umeme huhakikisha kwamba hewa inapita. Ndipo cheche huruka kwa umeme wa maelfu ya volti (huo ndio mlio wa tik-tik) na vali ya gesi hufunguka. Kuanzia hapo sekunde zinahesabiwa. Waya uliochomekwa kwenye mwali ukileta zile maikroampea, kazi inaendelea. Usipoleta, vali hufungwa, feni husafisha tena, na jaribio la pili huanza. Majaribio yakiisha bila mwali kuonekana, boila hujifunga na kungoja mtu.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba haudanganyiki kirahisi. Waya ule ni mwembamba na kichomeo ni kipana, hivyo umeme hupita motoni kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili. Unaingia kwenye mwali ukiwa ni umeme wa kwenda na kurudi, unatoka umeegemea upande mmoja. Waya ukilowa maji au ukigusa chuma kwa bahati mbaya, umeme utapita pande zote mbili sawasawa, na bodi itajua kwamba huo si moto. Mimi huuona ufundi huu kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyomo ndani ya nyumba, na hakuna anayeuona maana umefichwa nyuma ya bati jeupe.

Kabla ya ufundi huo moto ulilindwa na moto mwenzake. Mwaka 1821 mwanasayansi Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa na kupashwa joto upande mmoja, jambo la umeme hutokea. Boila za zamani zilitumia siri hiyo. Kijimoto kidogo kiliwaka usiku na mchana, kikipasha kijiti cha metali mbili, na kijiti hicho kilizalisha milivolti chache za kushikilia vali ya gesi iwe wazi. Kijimoto kikizimwa na upepo, kijiti hupoa na vali hujifunga yenyewe. Ila kupoa huchukua muda, pengine karibu dakika nzima, na gesi wakati huo inatoka. Boila ya leo hufunga ndani ya sekunde chache.

Sasa turudi kwenye kile kitufe. Kila unapokibonyeza, unairuhusu boila imwage gesi tena kwa sekunde kadhaa ikitafuta moto. Kama tatizo ni upepo uliopita au hewa iliyonaswa kwenye bomba la gesi, itawaka na mambo yataisha. Kama tatizo lipo bado, unarudia jaribio ambalo mashine imeshaona halifai. Ndiyo maana mafundi husema mara mbili, tatu, basi. Mimi nilifika sita kwa sababu shangazi alikuwa anatetemeka.

Je, wajua kwamba zile herufi kiooni hutaja dalili tu? Kwenye boila nyingi za Vaillant, F28 ina maana kwamba iliomba moto na moto haukupatikana tangu mwanzo, na F22 kwamba maji ya mzunguko ni machache. Worcester Bosch huandika EA mwali usipoonekana. Ideal Logic huandika L2 kwa jambo hilo hilo, na F1 presha ya maji ikishuka. Baxi ina E119 ya presha na E133 ya kushindwa kuwaka. Kila kiwanda kina lugha yake, kwa hiyo kijitabu kilichokuja na boila ni cha kutunzwa pamoja na pasipoti. Lakini hata ukiisoma alama vizuri, bado ni kama mtoto anayesema tumbo linamuuma. Moto haukuonekana: je, gesi haikufika? Cheche haikuruka? Au mwali uliwaka vizuri kabisa, ila waya umepata utando na hauwezi kuuhisi?

Sababu mojawapo inatia uchungu kwa sababu haina ufundi wowote. Nyumba nyingi za kupanga zina mita ya gesi ya malipo ya kabla, ndugu wa LUKU ya Tanzania na tokeni za Kenya. Salio likiisha, mita hufunga gesi kimya kimya. Boila haijui habari za salio. Yenyewe huona tu kwamba iliomba moto na moto haukuja, basi huandika alama ya hitilafu. Kwa hiyo kabla ya kumpigia fundi, washa jiko la gesi kama unalo. Jiko nalo likikataa, kaangalie mita. Na kama kioo cha boila ni cheusi kabisa, angalia swichi yake na fyuzi, maana boila ya gesi bila umeme haifanyi lolote.

Presha ya maji ina hadithi yake. Kwenye uso wa boila kuna kipimo, ama cha mshale ama cha tarakimu. Maji yakiwa baridi, kipimo kinatakiwa kusoma kati ya bari 1 na 1.5. Bari moja ni takriban presha ya maji yaliyosimama wima kwa mita 10, hivyo nyumba ya ghorofa moja juu inapata nguvu ya kutosha kufikisha maji kwenye redieta za vyumba vya kulala. Presha ikishuka sana, boila hukataa kuwaka, kwa sababu moto ukiwaka pasipo maji ya kutosha utaunguza mabomba membamba yanayonyonya joto. Kuongeza maji ni kazi ambayo mwenye nyumba au mpangaji anaweza kuifanya mwenyewe. Chini ya boila huwa na bomba fupi la kusukwa lenye koki mbili. Fungua taratibu, tazama mshale ukipanda, funga zote mbili vizuri. Lakini wakati mwingine unaongeza maji na bado unaona kioja.

Kioja chenyewe ni hiki. Maji yakipata moto hutanuka, na kwa kuwa mzunguko umefungwa pande zote, lazima pawepo pahali pa kutanukia. Ndani ya boila kuna chungu cha chuma kilichogawanywa kwa ngozi ya mpira: upande mmoja maji, upande wa pili hewa au naitrojeni. Maji yakitanuka, hewa inabonyea. Miaka ikipita hewa huvuja. Hapo utaona mshale ukipaa hadi bari 3 redieta zikipata moto, vali ya usalama itafunguka na kutema maji nje ya ukuta, kisha asubuhi boila ikipoa mshale unalala sifuri. Mtu anaongeza maji, jioni yale yale. Anadhani bomba linavuja chini ya sakafu, anafikiria kubomoa mbao, kumbe chungu kimeishiwa hewa tu. Fundi hukijaza kwa pampu, kupitia kipande kinachofanana na kile cha tairi la gari.

Maji yenyewe nayo hubadilika. Ndani ya redieta za chuma, kwa miaka, huota kutu nyeusi laini kama tope la wino, na kutu hiyo inanasa kwenye sumaku. Mafundi hufunga chujio lenye sumaku kwenye bomba la kurudi, na likifunguliwa baada ya mwaka sumaku hutoka imevaa manyoya meusi. Redieta iliyo moto juu na baridi chini kwa kawaida imelaliwa na tope hilo. Iliyo baridi juu ina hewa.

Na hapa tunafika kwenye sauti ya kusukutua.

Je, wajua kwamba moto wa gesi huzaa maji? Methani ina haidrojeni, na haidrojeni ikiungana na oksijeni matokeo yake ni maji. Ukiunguza mita moja ya ujazo ya gesi unapata takriban lita moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Boila za zamani ziliutupa mvuke huo nje na joto lake lote. Boila za sasa huupooza. Moshi unapopita kwenye mabomba yenye maji baridi ya kutosha, chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke hugeuka kuwa matone na kurudisha joto lililokuwa linapotea, karibu sehemu moja ya kumi ya joto lote la gesi. Tangu Aprili 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales zimetaka boila mpya za gesi ziwe za aina hii, isipokuwa penye sababu maalumu. Jambo hili lina faida ya moja kwa moja kwa mfuko wako: ukiwa na boila isiyo na tangi la maji ya moto, ukashusha joto la maji ya redieta kutoka nyuzi 75 au 80 hadi 60, mvuke mwingi zaidi utageuka matone na bili itapungua. Mwenye tangi asishushe joto la tangi chini ya 60, kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda maji vuguvugu.

Sasa matone hayo lazima yaende mahali. Boila ikifanya kazi kwa nguvu yaweza kutoa hata lita mbili kwa saa. Ni maji yenye uchachu, karibu na ule wa nyanya au chungwa, hivyo bomba lake ni la plastiki, maana shaba ingelika. Mara nyingi bomba hilo hutoboa ukuta na kushuka nje mpaka kwenye mfereji. Katika usiku wa chini ya sifuri, matone machache yanayopita kwenye bomba jembamba huganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka tundu linaziba. Maji yanarudi nyuma, yanapanda hadi ndani ya boila, yanaanza kububujika hewa ikipita katikati yake. Ndiyo sauti aliyoisikia shangazi. Yakifika karibu na moto, boila hujizima. Desemba 2010, Uingereza ilipopigwa na baridi isiyo ya kawaida, boila nyingi mno zilikwama kwa sababu hiyo moja, barafu ndani ya bomba la plastiki.

Haya sikuyajua usiku ule. Nilichojua ni kwamba kioo kinasema moto haukuonekana, na jiko linawaka, na mshale wa presha uko pake. Nikampigia fundi wa gesi ambaye namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa boila. Hakuuliza alama. Aliuliza, "Inakoroma?" Nikamwambia ndiyo. "Toka nje, tafuta bomba jeupe la plastiki linaloshuka ukutani. Gonga-gonga. Lenye barafu halina mlio." Akasisitiza nisitumie maji ya kuchemka, kwa kuwa plastiki iliyoganda huweza kupasuka, na maji yatakayomwagika chini yatakuwa barafu ya kumwangusha mtu.

Nitamaliza habari hiyo, ila kuna kitu kimoja cha kusema kwanza, na nakisema kwa uzito. Bati la mbele la boila usilifungue. Katika boila nyingi bati hilo ni sehemu ya kuta zinazozuia moshi usiingie ndani ya nyumba. Moto ukikosa hewa ya kutosha huzaa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo ile ile inayoua watu wetu wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, Limuru au Njombe. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, na nafuu ukitoka nje. Mwanafiziolojia John Scott Haldane alipendekeza wachimbaji wa makaa ya mawe washuke shimoni na chiriku ndani ya kizimba, kwa kuwa ndege huyo hulegea mapema kuliko binadamu, na migodi ya Uingereza iliendelea na chiriku hadi miaka ya 1980. Leo king'ora kidogo cha betri kinatosha. Tangu Oktoba 2022, mwenye nyumba anayepangisha England analazimika kukiweka katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa cha kudumu cha kuunguza fueli, majiko ya kupikia ya gesi yakiachwa kando.

Gesi ya bomba nayo haina harufu kwa asili. Harufu ile ya kabichi bovu hutiwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937, gesi isiyo na harufu ilijaa chini ya shule moja huko New London, jimbo la Texas, Marekani, ikalipuka na kuua karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya msiba huo sheria zikaanza kudai gesi itiwe harufu. Ukiisikia, usiguse swichi, fungua madirisha, toka nje, na kwa walioko Uingereza bara namba ya dharura ya gesi ni 0800 111 999.

Hata utaratibu wa kusajili mafundi ulinunuliwa kwa damu. Alfajiri ya 16 Mei 1968, mashariki mwa London, mkazi wa ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point aliwasha moto wa chai. Nati ya shaba iliyounga bomba la jiko lake ilikuwa dhaifu na imepasuka, gesi imetanda. Mlipuko ukasukuma ukuta nje, na pembe nzima ya jengo la ghorofa 22, lililokuwa jipya kabisa, ikaporomoka. Wanne walikufa, yeye aliyewasha moto alinusurika. Daftari la mafundi wa gesi lilianzishwa mwaka 1970, na tangu Aprili 2009 nafasi yake imeshikwa na Gas Safe Register. Fundi halali ana kitambulisho, na nyuma yake zimeandikwa aina za vifaa anavyoruhusiwa kugusa. Geuza kadi usome. Hakuna utovu wa adabu hapo. Mpangaji ana haki zaidi: mwenye nyumba lazima akaguliwe vifaa vyake vya gesi kila mwaka na akupe nakala ya cheti ndani ya siku 28, na kwa England sheria ya mwaka 1985 inamtaka atengeneze mfumo wa joto na maji ya moto ukiharibika. Wengi wetu hunyamaza, tukihofia kuonekana wasumbufu. Joto wakati wa baridi kali si fadhila ya mwenye nyumba.

Usiku ule nilivaa makoti mawili nikatoka na jagi. Bomba lilikuwa nyuma ya pipa la taka, jembamba kama kidole gumba, limeshuka ukutani likiwa uchi. Niligonga kwa funguo: ko, ko, ko, halafu penye kona, kimya. Nikamwaga maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, jagi la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne kitu kiliteleza ndani. Kijiti cha barafu cheupe kikachungulia chini ya bomba, kikadondoka kwenye mfereji, na maji yaliyokuwa yamezuiliwa yakafuata kwa kishindo. Nikarudi ndani, nikabonyeza kitufe mara moja. Feni. Tik-tik-tik. Kisha ule mvumo wa chini wa moto ulioshika.

Shangazi alikuwa amesimama tayari kwenye redieta ya sebuleni, viganja vyote viwili juu yake, akiingoja. Mwezi uliofuata fundi alikuja akang'oa bomba lile. Jipya ni la milimita 32, kona moja tu, na limevishwa sponji nyeusi kutoka ukutani hadi mferejini.